Neno Fupi la Shukrani Majini

Hapo juzi, si zamani wala si kale (zamani na kale ziko chini ya wizara nyingine), palikuwa na nchi. Ilikuwa nchi nzuri. Najua ilikuwa nzuri kwa sababu redio ilitukumbusha kila asubuhi kabla ya taarifa ya hali ya hewa, na hali ya hewa yenyewe haikuwahi kupinga.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni heshima tu, na katika nchi ile tofauti kati ya heshima na woga haijawahi kufanyiwa utafiti.

Huko, raia akifikisha miaka sabini bila kuuliza swali hadharani, hupewa Likizo ya Shukrani. Ni siku tatu kando ya ziwa, mara moja tu maishani, kwa gharama ya Serikali, ambayo ni gharama ya raia huyo huyo iliyokwenda mjini ikarudi imechoka. Anapewa kitanda. Anapewa sato mmoja kila siku. Na anapewa robo saa ya kuendesha pikipiki ya maji nyuma ya mwongozaji. Serikali haisemi pikipiki ya maji. Inasema Chombo Tembezi cha Majini cha Furaha, kwa kifupi CHOTEMAFU, na aliyebuni kifupi hicho alipandishwa cheo, asije akabuni kingine.

Bibi yangu, Kalunde, alifikisha sabini mwaka ule. Mimi nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wavulana, ambako nilijifunza Fizikia, utii, na namna ya kuingiza maandazi bwenini ndani ya foronya. Sheria ya Likizo ya Shukrani ilimruhusu mzee kuja na msaidizi mmoja wa familia. Bibi akanichagua mimi, kwa sababu aliwapitia wajukuu wote akaona mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimefukuzwa shule kwa wiki mbili na hivyo nina nafasi.

"Mume wangu," aliniambia, maana kwa desturi yetu bibi humwita mjukuu wa kiume hivyo na hakuna anayekwenda kushtaki, "sato sitaki. Kitanda ninacho nyumbani. Mimi naitaka ile pikipiki."

Sababu yake ilikuwa Mama Lukresia.

Mama Lukresia ni jirani yetu. Mwanawe anafanya kazi kwenye hifadhi ya wanyama, na mwaka uliotangulia alimpandisha mama yake kwenye puto la watalii. Tangu siku hiyo, Mama Lukresia hawezi kukupitishia chumvi bila kulitaja puto. Kwenye msiba wa fundi cherehani wa mtaani kwetu alisimama kutoa rambirambi, akasema, "Nilipokuwa juu, nilitazama chini nikaona jinsi binadamu tulivyo wadogo," na wafiwa wakaanza kumuuliza maswali kuhusu puto. Marehemu alizikwa bila kutajwa tena.

"Yeye amepanda hewa," alisema Bibi. "Hewa kila mtu anayo. Mimi nitapanda maji, tena kwa mwendo."

*

Siku ya kwanza hatukupanda, kwa kuwa mwongozaji alikuwa kwenye semina elekezi ya waongozaji. Siku ya pili hatukupanda, kwa kuwa alikuwa anatoa mrejesho wa semina kwa waongozaji wenzake. Hakuwa na wenzake. Ufuo mzima ulikuwa na mwongozaji mmoja, naye alikuwa yeye. Basi alisimama kwenye kibanda chake tangu asubuhi hadi jioni akijisomea mrejesho kwa sauti, na mwisho akajipigia makofi.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa ya mwisho, basi la kuturudisha nyumbani lilipangwa kuondoka saa sita mchana. Bibi aliamka kabla ya jogoo, akavaa suruali ya mazoezi ya marehemu babu chini ya kanga, akashuka ufuoni.

Mwongozaji aliitwa Mfaume. Alikuwa mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni na uso wa mtu anayesubiri kulaumiwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Iko wapi?"

Ziko mbili, akatuonyesha. Ya njano ya mgeni, nyeupe ya mwongozaji. Alimkalisha Bibi kwenye ya njano, mimi nyuma yake, akamfungia kamba fupi mkononi.

"Bibi, hiki kidude cha mkono wa kulia, ukikibana inakwenda. Ukikiachia inasimama."

"Na breki?"

"Haina breki. Breki yake ni kuachia."

"Ni rahisi kuliko punda," alisema Bibi.

"Na hii kamba, ukianguka majini inachomoka, injini inazima, chombo kinakusubiri. Sasa mnaniona mimi? Mimi natangulia. Nyie mnanifuata hadi ule mwamba wenye mnandi, wale ndege weusi, tunauzunguka, tunarudi. Mimi mbele, nyie nyuma. Ndiyo maana ya mwongozaji."

Mwamba ulikuwa hapo hapo, si mbali, mweupe kwa vinyesi vya ndege. Bibi akawasha. Injini ikanguruma. Alinong'ona kitu nilichodhani ni sala, kumbe anasema, "Lukresia, utanikoma."

Ndipo tukasikia ving'ora.

*

Magari kumi na moja yalitokea nyuma ya minazi ya plastiki iliyopandwa na Wizara. (Ya kweli ilikataa kuota pale, haikueleweka kwa nini, na kamati inaendelea.) Kwenye gari la tatu alikuwamo Mheshimiwa Fulgensi Katambuga, Waziri wa Mapumziko ya Umma. Mbele yake, akikimbia kinyumenyume ili asimpe mgongo, alikuwa Bwana Pazi, Afisa Itifaki.

"Nani amekaa hapo?" aliuliza Bwana Pazi.

"Mnufaika, afande," alisema Mfaume. "Zamu yake imefika."

"Haiwezi kufika. Chombo hakijazinduliwa."

"Afande, mwaka wa nne huu kinatumika."

Bwana Pazi alimtazama kwa huruma. Alieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba kitu cha umma kisichozinduliwa na mgeni rasmi hakijaanza kuwepo. Daraja la mtoni lilisubiri uzinduzi miaka sita, na wananchi waliovuka juu yake wakati huo walitajwa kwenye takwimu kama waogeleaji. Kwa hiyo wazee waliopanda pikipiki hizi miaka minne hawakupanda. Walikuwa wanaelea kwa kasi.

"Bibi ashuke," alisema. "Atapanda baada ya uzinduzi. Na kwa kuwa yeye ndiye mnufaika, atatoa neno fupi la shukrani mwishoni."

"Mwishoni saa ngapi?" aliuliza Bibi. "Basi linaondoka saa sita."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Wakati kiongozi yuko kwenye shughuli, hakuna gari linaloruhusiwa kuondoka kabla yake."

Mfaume alimfungua kamba mkononi, akaiacha imechomekwa kwenye chombo, na Bibi akashuka. Alishuka kama mtu anayeshushwa kwenye gari la maharusi ili lipite jeneza. Injini hakuizima, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na mimi sikumkumbusha, kwa sababu mtoto haingilii mambo ya wakubwa.

Hapa lazima nieleze desturi mbili za nchi ile, maana bila hizo msomaji mgeni atadhani watu wale hawakuwa na akili. Akili walikuwa nazo. Walikuwa na desturi pia.

Ya kwanza: hakuna anayekwenda mbele ya kiongozi, isipokuwa ving'ora, na Afisa Itifaki akiwa anakwenda kinyumenyume. Si barabarani, si mlangoni, si kwenye foleni ya pilau. Hata kwenda sambamba naye ni kosa, maana sambamba ni usawa. Alipofariki Waziri wa Ardhi, jeneza lake lilisubiri nje ya makaburi tangu asubuhi hadi alasiri kwa sababu aliyemzidi cheo alikuwa bado njiani, na marehemu hakutakiwa kumtangulia.

Ya pili: kiongozi hashauriwi. Kumshauri ni kudai unajua jambo asilolijua yeye. Kiongozi hupongezwa. Mtu akitaka barabara hasemi, "Tunaomba barabara." Anasema, "Tunakupongeza kwa barabara uliyo mbioni kutujengea." Mkuu wa shule yetu alipata bweni jipya kwa kumpongeza Waziri wa Elimu mara nne mfululizo kwa bweni ambalo halikuwapo. Shule ya jirani iliomba bweni moja kwa moja, kwa lugha ya kueleweka. Wanafunzi wake wangali wanalala bwaloni.

*

Hotuba ya Mheshimiwa Katambuga ilikuwa fupi kwa viwango vya nchi ile. Jua lilihama kutoka mti mmoja hadi mwingine.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu wanasema hatwendi mbele. Mimi nawauliza: mbele ya nani? Serikali yenu imeleta chombo hiki ili kila mzee aonje mwendo. Zamani wazee wetu walikuwa wanakaa. Sasa wanakwenda. Wanakwenda wapi? Hilo tumeliundia tume."

Wananchi walipiga makofi. Walikuwa wameletwa na malori mawili kwa kazi hiyo, pamoja na bendi ya tarumbeta na kwaya ya akina mama waliovaa kanga zenye uso wa Mheshimiwa nyuma, chini ya kiuno, kwa hiyo kila walipokaa walimkalia.

Akakata utepe. Kisha mpiga picha akaomba Mheshimiwa aketi kwenye ile ya njano, kwa picha tu. Alivalishwa jaketi la kuokolea maisha, na juu yake likavalishwa koti la suti ili nishani zionekane. Alipoketi alifanana na kabati linalosafirishwa.

"Afande, ngoja nizime injini," alisema Mfaume.

"Iacheni ingurume," alisema Mheshimiwa. "Picha itaonyesha kazi inaendelea."

"Basi walau nimfunge kamba ya mkononi."

Bwana Pazi alishtuka. "Umfunge nani?"

"Mheshimiwa. Ni kamba ya usalama tu, afande, akianguka—"

"Tangu uhuru," alisema Bwana Pazi, "hakuna waziri aliyefungwa katika nchi hii."

Hilo lilikuwa kweli, na wananchi wote waliokuwapo walitazama chini kwa pamoja. Mfaume akaizungusha ile kamba kwenye usukani, akarudi nyuma.

"Mheshimiwa, shika vizuri," alisema mpiga picha. "Kama unaendesha."

Mheshimiwa akashika. Alishika kama viongozi wetu wanavyoshika chochote wanachokabidhiwa, yaani kwa nguvu zote na bila mpango wa kuachia.

Kilichofuata kilikuwa maji mengi. Yalipotulia, mpiga picha alikuwa ameloa, kwaya imeloa, na Waziri wa Mapumziko ya Umma alikuwa anaelekea kwenye mwamba wa mnandi kwa mwendo ambao hakuna wizara iliyowahi kuufikia.

*

Mshereheshaji, mtu aliyezoea, hakusita hata kidogo.

"Na sasa ndugu wananchi," alisema kwenye kipaza sauti, "Mheshimiwa anaonyesha kwa vitendo."

Mheshimiwa aliuzunguka mwamba. Mnandi wote wakaruka. Akarudi kuelekea ufuoni, na tulipoanza kupumua, akapinda mbele yetu kwa duara kubwa, uso ukiwa na tabasamu la picha ya ofisini.

"Kila kitu kiko sawa," alipaza sauti alipopita.

Bendi ikapiga. Kwa desturi bendi hupiga kila kiongozi anapopita.

"Mheshimiwa anaukagua mwamba," alieleza mshereheshaji.

Mzunguko wa pili. "Kiko sawa kiasi," alisema Mheshimiwa.

Bendi ikapiga.

"Mheshimiwa anaukagua tena, kwa kujiridhisha."

Mzunguko wa tatu alisema neno moja tu, "Pazi," kwa sauti ya mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Bendi ikapiga. Mpuliza tarumbeta mmoja alianza kutazama midomo yake kwenye kioo cha simu.

Mfaume alikuwa ameshakimbilia ile pikipiki nyeupe. Bwana Pazi akamshika jaketi.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwongoza, afande. Ndiyo kazi yangu. Nitangulie, anifuate, nimwonyeshe namna ya kuachia."

"Umtangulie Waziri?"

"Basi niende ubavuni."

"Sambamba na Waziri?"

"Afande, anabana kile kidude kwa hofu. Hajui akiachia tu inasimama. Nipaze sauti basi, nimwambie?"

"Umwambie Waziri," alisema Bwana Pazi polepole, "kitu asichokijua. Mbele ya wananchi. Na waandishi wa habari." Uso wake ulikuwa umeloa, na si maji ya ziwa peke yake. "Lazima kuwe na utaratibu. Utaratibu haukosekani. Tatizo ni kuupata."

Bibi alinivuta pembeni. Macho yake yalikuwa kwenye pikipiki nyeupe.

"Mume wangu, saa ngapi?"

"Inakaribia tano na nusu, Bibi."

"Huyu akishuka hapo, watampeleka kula. Akila atalala. Akiondoka, basi linaondoka nyuma yake. Mimi nitakwenda kumwambia nini Lukresia? Kwamba niliketi juu ya pikipiki ikanguruma?"

Sikuwahi kumwona Bibi akiwa na uso ule. Alikuwa na miaka sabini, na likizo moja, na robo saa moja ndani ya likizo hiyo, na robo saa hiyo ilikuwa inazunguka mwamba na suti ya mtu mwingine.

Ndipo sauti fulani, ambayo wasiojua wameifananisha na yangu, ilisema kwa unyenyekevu mkubwa:

"Samahani, Afande Pazi. Ratiba inasema baada ya uzinduzi kuna neno la shukrani kutoka kwa mnufaika. Mnufaika yuko hapa. Mheshimiwa yuko kule. Je, shukrani haimfuati mgeni rasmi alipo?"

Bwana Pazi aligeuka. Alinitazama kama mtu aliyeona mlango ukutani.

"Shukrani," alisema, "inaruhusiwa kumfuata."

"Kwa nyuma," niliongeza.

"Kwa nyuma. Naam. Kwa umbali wa heshima." Akamshika Bibi mkono. "Mama, unaweza kumpongeza Mheshimiwa?"

"Kwa lipi?"

"Kwa kuachia kile kidude."

Bibi alifikiri kidogo. "Naweza," alisema. "Lakini siwezi kuanza na hilo. Pongezi ina mwanzo wake. Itaonekana namwamuru."

Bwana Pazi aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amekutana na mtu anayejua itifaki.

*

Tulipanda watatu: Mfaume usukanini, Bibi katikati, mimi nyuma nikiwa na kipaza sauti cha mkononi cha mshereheshaji. Mfaume aliondoa chombo, na Bibi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu aliyebatizwa. Kanga ilipepea kama bendera. Maji yalitupiga usoni. Tulimkuta Mheshimiwa kwenye upande wa pili wa mwamba, tukajipanga nyuma yake kwa umbali wa heshima, tukaanza kuzunguka naye.

"Bibi," alisema Mfaume kwa wasiwasi, "anza."

Bibi alichukua kipaza sauti. "Mafuta yake yanatosha mpaka saa ngapi?"

"Nilijaza asubuhi. Atazunguka mpaka saa nane."

"Na jaketi lake zima?"

"Zima. Jipya kabisa, hata akianguka ataelea."

"Basi hana shida," alisema Bibi. Akakohoa. "Mheshimiwa Katambuga, shikamoo."

"Marahaba," ilisikika sauti kutoka mbele, kwa haraka sana.

"Itifaki imezingatiwa. Mimi naitwa Kalunde, mnufaika. Kwa niaba ya wazee wenzangu, walio hai na waliotangulia, nina machache. Kwanza tunakupongeza kwa afya yako."

"Nimepokea. Endelea, mama, endelea."

"Pili tunakupongeza kwa afya ya familia yako."

Mzunguko mmoja ukapita. Ufuoni bendi ilipiga, sasa ikiwa na tarumbeta tatu badala ya tano. Bibi alinipa kipaza sauti nikishike, akainua mikono yote miwili hewani akaisikia hewa ikipita kwenye vidole. Halafu akakitaka tena.

"Mume wangu, nipe lingine."

Huko shuleni mimi ndiye niliyekuwa naandika risala za wanafunzi kwa wageni rasmi. Najua siri ya risala: haina mwisho, ina mwandishi aliyechoka. Nikamnong'oneza, "Barabara."

"Tatu, tunakupongeza kwa barabara, ile iliyojengwa na ile iliyochorwa."

"Maji," nikanong'ona.

"Nne, kwa maji. Bomba tunalo. Tunakupongeza kwa bomba."

Mheshimiwa alipokea kila moja. Hakukataa hata moja. Kiongozi wa nchi ile hakatai pongezi hata akiwa anazama. Lakini sauti yake ilikuwa inapungua. Kwenye mzunguko wa sita au wa saba alisema, bila kugeuka nyuma, "Mama, hakuna... hakuna pongezi inayohusu chombo hiki?"

"Ninakuja huko, Mheshimiwa. Ipo katika sehemu ya pili."

Mfaume alianza kucheka. Alijaribu kuzuia, mabega yakamshinda. "Bibi, mtanifunga."

"Wewe ongoza."

"Siongozi mimi, nafuata."

"Basi fuata kwa mwendo. Huyu kwenye kona anapunguza, na wewe unapunguza. Usipunguze."

"Nitampita, Bibi."

"Usimpite. Mkaribie tu mpaka ajisikie anapongezwa."

Tulimpongeza kwa walimu, wakunga, mbolea, benki, na timu ya taifa kwa kushiriki. Tuliwapongeza mnandi kwa uvumilivu. Ufuoni, saa sita ilifika ikapita, na basi la Likizo ya Shukrani halikuthubutu hata kuwasha injini. Wapiga makofi wa lori la kwanza walikuwa wamekwisha. Wakaletwa wa lori la pili. Bwana Pazi alisimama majini hadi magotini akipunga mkono, si kwa mtu yeyote.

Kisha, baada ya mzunguko ambao sikuuhesabu, Bibi alinyamaza. Uso wake ulikuwa umeloa na unang'aa. Alitazama mwamba, akatazama maji, akavuta pumzi kama mtu aliyeshiba anayesukuma sahani mbele.

"Inatosha," alisema.

Akakiinua kipaza sauti.

"Na mwisho kabisa, Mheshimiwa, tunakupongeza kwa uamuzi wako wa busara, ulioutoa wewe mwenyewe bila kushauriwa na mtu yeyote, wa kukiachia hicho kidude cha mkono wa kulia."

Aliachia hata kabla Bibi hajafika kwenye neno "kulia". Pikipiki ya njano ikashuka mwendo, ikalala juu ya maji, ikatulia. Mnandi mmoja alirudi mwambani, kisha wa pili.

"Ndivyo nilivyokusudia," alisema Mheshimiwa Katambuga.

*

Kumvuta kwa kamba haikuwezekana, maana anayevuta hutangulia. Kwa hiyo tulimsukuma. Mfaume aliweka pua ya pikipiki nyeupe kwenye mkia wa ile ya njano, akaisukuma polepole hadi ufuoni, na Mheshimiwa akawasili akiwa mbele yetu wote, kama itifaki inavyotaka. Bendi, ambayo sasa ilikuwa ngoma moja, ilipiga.

Alipanda jukwaani na koti likimdondosha maji. Alisema amejionea mwenyewe kwamba mwongozaji akiwa nyuma, raia anakwenda mbali zaidi na anakaa muda mrefu zaidi. Kuanzia siku hiyo, kwa agizo lake, waongozaji wote wa majini watafuata. Mfaume alipewa cheti cha Mfuataji Bora. Siku hizi mgeni anatangulia peke yake, asijue njia, na Mfaume anakuja nyuma akipuliza filimbi. Wengi wanaishia nchi ya jirani ng'ambo ya ziwa, ambayo imekuwa na moyo wa kuwarudisha kila Ijumaa.

Pikipiki ile ya njano haipandwi tena; wageni waliletewa nyingine. Ilitangazwa kuwa urithi wa taifa na kupelekwa mji mkuu, ikasimamishwa juu ya nguzo katikati ya mzunguko wa barabara. Magari yanaizunguka mchana kutwa. Hakuna anayeona ajabu.

Sisi tulipanda basi jioni, tukafika nyumbani Bibi akiwa hajakauka vizuri. Mama Lukresia alikuwa amekaa barazani kwetu, akitungoja. Alisikiliza yote mpaka mwisho, tangu kanga hadi mbolea, akisugua kidevu. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayejua ana karata kubwa:

"Hongera, mwenzangu. Lakini puto lilikuwa juu zaidi."

"Lilikuwa juu," alikubali Bibi. Alikuwa anaikamua kanga yake juu ya maua. "Na lilishuka lini?"

"Rubani alipoamua."

"Basi," alisema Bibi. "Mimi Serikali yote ilizunguka, bendi inapiga, ikasimama nilipochoka mimi."